Shelfu Husema Kabla ya Bosi

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja mbele ya wenye maduka wa mitaa yetu, hapa jijini Mbeya, katika ukumbi wa shule. Waliokosa kufika waliomba niyaandike. Nimeondoa vikohozi na utani wa mwenyekiti, mengine yamebaki karibu na yalivyotoka mdomoni.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Mama zangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, habari za asubuhi. Ndaga fijo, asanteni sana, kwa kunialika.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema nije niongelee maendeleo ya supamaketi. Nikamjibu kwamba maendeleo siyajui, ninaijua supamaketi moja. Niliingia siku ya pili tangu ifunguliwe, nikatoka siku mbili baada ya kufungwa. Katikati hapo ni miaka kumi na moja. Nilianza kwa kubeba maboksi, nikawa mpanga shelfu, nikawa mkuu wa stoo, na mwishoni nikawa yule mtu anayewaambia watu waje Ijumaa. Hilo la Ijumaa nitalirudia. Jina la supamaketi sitalitaja. Wengi wenu mnalijua, na asiyelijua halitamsaidia kitu.

Ninalo jambo moja tu la kuwaambia. Duka huanza kufa miezi mingi kabla geti halijafungwa, na linafia pale kwenye shelfu, mchana kweupe, wateja wakipita. Mwenye macho anaona. Sisi tuliona, tukanyamaza, kwa sababu tulikuwa tunasubiri mshahara.

Nianzie mbali kidogo. Wazee wa mbele hapa mnakumbuka kwamba baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, biashara ya jumla ilikwenda kwenye shirika la serikali, STC, kisha mwaka 1973 kazi ile ikagawiwa kampuni za mikoa, zile RTC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi yafungwe, duka la ushirika lishike nafasi. Mimi nilikuwa darasa la pili, kule Rungwe. Duka tulilolizoea lilifungwa haraka sana, la ushirika likachelewa sana kujaa. Nikitumwa sukari napanga foleni tangu alfajiri, na nikichoka naweka jiwe langu kwenye foleni kama wenzangu, tunakwenda kucheza. Jiwe lilikuwa linaheshimiwa. Ukirudi unasimama penye jiwe lako na hakuna anayekuuliza. Leo weka jiwe kwenye foleni uone, utarudi ukute limeshauzwa.

Duka lile lilikuwa na kaunta, na nyuma ya kaunta shelfu nne za mbao zilizopakwa rangi ya kijani. Siku nyingi kilichokuwepo ni viberiti na majembe. Muuzaji alikuwa anavipanga kwa kuachanisha, pakiti moja hapa, pakiti nyingine kule, ili ukuta wa nyuma usionekane. Mkumbukeni mtu huyo anayetandaza viberiti vichache ili ukuta usionekane. Tutakutana naye tena, safari hii akiwa amevaa tai.

Kuanzia mwaka 1984 serikali ikalegeza kamba, wenye fedha zao za nje wakaruhusiwa kuleta bidhaa, na maduka yakaanza kujaa. Ndugu zetu Wakinga wa Makete walishika biashara kwa mikono miwili, na hadi leo hawajaiachia. Duka la kaunta lilirudi na nondo zake dirishani, na daftari la mikopo chini ya kaunta. Mwenye duka anajua nani kafiwa, nani kapata mtoto, nani mshahara wake umechelewa. Hiyo ndiyo biashara tuliyoikuta wakati supamaketi zinaingia mjini kwetu.

Supamaketi yenyewe ni kitu cha juzi tu. Mwaka 1916, huko Memphis, Marekani, bwana mmoja aitwaye Clarence Saunders alifungua duka aliloliita Piggly Wiggly. Kabla yake Wamarekani nao walikuwa wanasimama kaunta na kusema nipe hiki, nipe kile, karani anakwenda nyuma kuchukua. Saunders akamwondoa karani. Mteja akawa anaingia kwenye kizuizi kinachozunguka, anachukua kikapu, anafuata njia moja tu inayopinda mbele ya kila shelfu hadi kwa mpokea fedha. Ujanja wake ndio huo. Umefuata chumvi, lakini umepitishwa mbele ya biskuti zote. Tangu siku ile muuzaji akawa shelfu. Saunders mwenyewe kampuni ilimponyoka mwaka 1923, tena maduka yakiwa yanauza vizuri. Kilichomwangusha ni vita vya hisa alivyopigana kule New York. Kwa hiyo duka linaweza kuwa zima kabisa, mgonjwa akawa mwenye duka.

Na toroli je? Lilianza mwaka 1937, mji wa Oklahoma City, na aliyelianzisha aliitwa Sylvan Goldman. Wateja walilikataa. Inasimuliwa kwamba aliajiri watu wajifanye wateja, wazunguke dukani wakisukuma matoroli, mpaka wengine wakazoea.

Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana nimeyaona hayohayo hapa Mbeya. Siku zile za mwanzo tulipanga matoroli mapya mlangoni yanang'aa kama sufuria za harusi. Hakuna aliyeyagusa. Mzee mmoja aliyetoka Mbalizi aliniuliza taratibu, "Kijana, hili linalipiwa?" Mama mwingine alidhani ukilichukua ni lazima ulijaze. Akalitazama, akalizunguka, akanunua sabuni moja akaondoka ameishika mkononi. Kisha kulikuwa na mlinzi wetu, kijana wa watu, kafundishwa kupokea mifuko ya wateja na kuwapa namba. Mama mmoja mwenye kikapu cha ukili alimwambia, "Kwani nimekuja kuiba?" akageuka na hakurudi mwaka mzima.

Bosi wetu siku hizo alikuwa mwerevu, lazima nimpe haki yake. Matoroli mengi akayapeleka nyuma, akaweka vikapu vya plastiki. Mlinzi akaambiwa asiombe mfuko kabla hajaamkia. "Shikamoo mama, karibu, naomba nikushikie mzigo." Mifuko ikaanza kuachwa kwa hiari, mingine ikiwa na hela ndani.

Miaka mitano ya mwanzo lilikuwa duka zuri, na bosi alijua anauza nini na anamuuzia nani. Mbeya tumezungukwa na chakula. Mchele unatoka Kyela na Usangu, viazi Umalila, ndizi na maparachichi Rungwe. Nani atakuja supamaketi kununua viazi vinne vilivyofungwa kwenye nailoni, wakati sokoni Soweto anapimiwa ndoo na kuongezewa viwili juu? Kwa hiyo hatukushindana na soko. Tuliuza sabuni, mafuta ya kula, nepi za watoto, toilet pepa, biskuti, maziwa, mikate. Mwanzoni mwa muhula tuliuza vitu vya wanafunzi wa bweni. Bosi alipanga shelfu nzima kwa kufuata zile karatasi wanazopewa wazazi na shule, kuanzia ndoo, kwanja, sabuni za mche, sukari na dawa ya mswaki hadi daftari za kaunta buku. Mzazi anaingia na karatasi yake, anatoka na ndoo imejaa, na hajamuuliza mtu swali. Upangaji huo hakufundishwa na mtaalamu yeyote. Alisimama mlangoni kwake mwezi wa kwanza akawaona wazazi wanavyohangaika.

Na Juni? Mnaijua baridi ya Juni ya kwetu. Midomo inapasuka, magoti ya watoto yanakuwa meupe kama yamepakwa unga. Mafuta ya mgando na gliserini tulikuwa tunayaleta mlangoni kabisa, usawa wa jicho. Yanauzwa kabla hatujamaliza kuyabandika bei.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwaka wa sita bosi alikwenda Dar es Salaam, akaona supamaketi za kwenye majengo makubwa, akarudi na mtaalamu wa kupanga duka. Kijana mstaarabu, kompyuta mkononi, viatu visivyofaa kwa matope yetu. Simlaumu, alifanya alichosomea. Alisema vitu vinavyotafutwa kila siku viende mwisho kabisa wa duka, ili mteja apite kwingine kote kwanza. Kwa hiyo unga, sukari na mafuta ya kula vikaenda nyuma. Mbele vikaja manukato na chokoleti. Vya bei kubwa vikawekwa usawa wa jicho la mtu mzima, pipi usawa wa jicho la mtoto aliyeshikwa mkono pale kwenye foleni ya keshia. Haya yote ni kweli, ndivyo supamaketi zinavyopangwa duniani, na mengi yalileta hela. Ile ya pipi, Mungu anisamehe, ilileta hela sana.

Lakini alikosea mambo mawili. La kwanza, friji ya aiskrimu aliiweka mlangoni. Mwezi wa sita! Mteja anaingia kavaa koti na skafu, kitu cha kwanza kumpokea ni aiskrimu. Friji ile ilikula umeme wa Luku usiku na mchana, na hata watoto walikuwa wanaipita kwa mbali.

La pili ndilo liliniuma. Tulikuwa na sehemu ya mchele wa kupima, magunia matatu yamefunguliwa midomo, mizani pembeni, na mama mmoja wa Kyela aliyekuwa anahudumia pale. Mtu wa huku hanunui mchele kwa macho. Anachota kiganja, anaunusa, anapuliza, anatafuna punje moja, ndipo anauliza bei. Mtaalamu akasema magunia yanachafua sura ya duka. Yakaondolewa. Ukaja mchele kwenye mifuko ya nailoni, kilo moja, mbili na tano, imebanwa kwa mashine. Nilimwona mteja wetu wa miaka yote, mwalimu mstaafu, akiuchukua mfuko, akaunyanyua hadi puani, akaunusa nailoni. Akaurudisha polepole, akaunyoosha vizuri kwenye shelfu kama mtu anayefunika mtoto. Hakusema neno. Mchele akaanza kununua kwingine, na alikonunua mchele akaona hata sabuni ipo.

Kompyuta haikuliona hilo. Tulishafunga mashine za kusoma zile alama za mistari, ambazo Wamarekani walianza kuzitumia tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, Ohio, kwa pakiti ya jojo za Wrigley's. Ni chombo kizuri, kinakuambia umeuza nini. Kuhusu mtu aliyeurudisha mfuko akaondoka hakina la kusema. Na hata kuhusu vilivyouzwa kilikuwa kinadanganyika. Keshia ana mtindi sita wa ladha tofauti, anapitisha mmoja mara sita ili foleni isogee. Jioni kompyuta inasema vanila imekwisha na stroberi ipo tele, ukienda kwenye friji unakuta kinyume chake.

Nije kwenye upanuzi. Hapa naomba vijana wa mlangoni msogee, maana ndipo duka letu lilipoumia, na ndipo mnapopaota kila usiku.

Supamaketi hainunui kama duka la kaunta. Wewe unakwenda kwa muuzaji wa jumla na hela mkononi. Supamaketi inaletewa mzigo mlangoni, inasaini, na kulipa ni baada ya siku 30, wakati mwingine 60, wakati mwingine 90. Sasa tufanye hesabu. Duka linauza kila siku mzigo ulionunuliwa kwa shilingi milioni 10. Unalipa baada ya siku 60, kwa hiyo wakati wowote unadaiwa milioni 600. Mzigo unakaa kwenye shelfu na stoo siku 20, kwa hiyo umeshikilia bidhaa za milioni 200. Zile milioni 400 zilizobaki ziko wapi? Ziko benki, kwenye akaunti yako, kwa jina lako. Unaziona kila asubuhi. Utasema ni faida.

Hiyo ni hela ya mama wa mayai. Ni hela ya mwenye mikate na ya msambazaji wa sabuni. Wamekuazima bila wenyewe kujua wamekuazima kiasi gani. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na sisi tuliivaa tukaendea harusini. Bosi akajenga tawi la pili upande mwingine wa mji, likaja la tatu. Milioni 400 zikawa vigae, mashelfu mapya, jenereta, na kodi ya jengo ya mwaka mzima iliyolipwa kwa mkupuo.

Halafu mauzo yakapungua kidogo. Tuseme kutoka milioni 10 kwa siku hadi 7. Fanyeni tena ile hesabu. Siku 40 za hela ya watu, yaani zile 60 ukitoa 20 za shelfuni, mara milioni 7, ni milioni 280. Zilikuwa 400. Milioni 120 zinatakiwa zirudi kwa wenyewe, taslimu, ndani ya miezi miwili. Na wewe umeshazigeuza vigae. Kigae hakirudi dukani kudai chenji.

Wala faida ya biashara hii haiwezi kuziba pengo hilo. Katika nchi zenye supamaketi kubwa, kinachobaki baada ya gharama zote huwa ni kama shilingi moja hadi tatu kwa kila mia ya mauzo. Ukichukua mbili kwa mia, kopo la shilingi 5,000 likiibiwa unatakiwa uuze mzigo wa shilingi 250,000 ndipo ulirudishe. Kopo moja tu, mama zangu.

Msidhani hayo yaliwapata washamba wa Mbeya peke yao. Supamaketi ya Uchumi ya Kenya ilianzishwa mwaka 1975, ikafungwa mwaka 2006 kwa madeni, ikafufuliwa, ikasambaa, na Oktoba 2015 ikafunga matawi yake yote ya Tanzania na Uganda. Nakumatt ilianzia Nakuru kwenye biashara ya magodoro, jina lenyewe linatokana na hayo. Mwaka 2014 ilinunua maduka ya Shoprite, kampuni ya Afrika Kusini iliyokuwa inaondoka nchini kwetu. Ikafikisha matawi zaidi ya 60 katika nchi nne. Mwaka 2017 shelfu zikaanza kukauka, Januari 2018 mahakama ikaiweka chini ya msimamizi, na mwaka 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Tembo wa kwenye nembo ya Nakumatt alikuwa mkubwa kweli. Chakula chake kilikuwa cha watu waliokuwa wanasubiri kulipwa.

Turudi dukani kwetu. Shelfu zilianza kusema, na zilisema kwa mpangilio. Wa kwanza kuondoka ni mkate. Mwenye tanuri dogo hawezi kusubiri siku 60, unga ananunua leo kwa hela ya jana. Siku moja gari lake halikuja, tukawaambia wateja limeharibika. Baada ya mkate yakaondoka maziwa, maana mtu wa maziwa naye ng'ombe wake hawali ahadi. Kisha soda. Dereva akawa hashushi kreti mpaka aone noti, tena anazihesabu akiwa ndani ya gari, injini inaunguruma. Sabuni za kampuni kubwa zikafuata. Zile kampuni hazigombani, zinaacha tu kupokea simu yako. Vilivyobaki mwisho ni beseni za plastiki, tomato sosi na maji ya chupa.

Na hapo ndipo nilipokutana na yule muuza viberiti wa ushirika. Alikuwa ni mimi, na tai nimevaa. Bosi aliniambia, "Shelfu zisionekane tupu." Kwa hiyo kila jioni vijana wangu walivuta bidhaa zote hadi ukingoni, mstari mmoja mbele, nyuma pakiwa patupu unaweza kulaza mtoto. Tomato sosi ilipangwa mita nne, chupa moja moja, nembo zote zinatazama mbele kama wanajeshi. Kwenye friji ya nyama, iliyozimwa kuokoa umeme, tukapanga maji. Mteja akichukua chupa moja ya sosi anaona ukuta. Wengine walikuwa wanairudisha, nafikiri kwa aibu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafuni akakuta kuna mtu.

Chenji ikaadimika. Keshia akawa anarudisha pipi badala ya mia mbili. Mwenye duka asiyekuwa na sarafu, jueni hela yake yote inatoka jioni ileile kwenda kuzima moto mahali fulani.

Ninyi wenye maduka madogo mna dawa ambayo sisi hatukuwa nayo, ingawa mnaionea haya. Ni lile daftari. Unajua unamdai nani na unadaiwa na nani, ukurasa kwa ukurasa, kwa mwandiko wako. Mengine sina la kuwafundisha. Ila moja dogo, kwa wale wa barabara kuu. Barabara ya TANZAM, hii ya kwenda Zambia, inapanuliwa kuwa njia nne, Nsalaga hadi Ifisi, na najua wengi mnajiuliza msimame wapi. Tawi letu la pili halikuuawa na mshindani. Kituo cha bajaji kilihamishwa mita mia tatu hivi, basi. Watu walewale, mtaa uleule, lakini jioni mtu akishuka na mzigo hatembei mita mia tatu kurudi nyuma kufuata sukari. Kabla hujapanga kodi ya miaka mitatu, kaa pale saa kumi na mbili jioni utazame miguu ya watu inakwenda wapi. Kaa na siku ya mvua pia.

Siku tulipofunga hakukuwa na kelele. Dalali alikuja baadaye, wakauza mashelfu, mizani, matoroli. Jengo likakaa giza miezi kadhaa, kisha likagawanywa. Leo kuna duka la dawa, wakala wa kutuma fedha, saluni, na mini-supamaketi mbili ambazo kila moja inaingia ndani ya iliyokuwa stoo yangu. Moja ya hizo ina magunia ya mchele yaliyofunguliwa midomo. Nilipoingia nilichota kiganja nikanusa, bila haja ya kununua.

Na baadhi ya mashelfu yale nimeyaona kwenye maduka yenu humu ndani. Sitamtaja mtu. Yapakeni rangi tu, maana moja bado lina kibandiko chetu cha bei ya mafuta ya kula ya miaka ile, na wateja wakikiona watawagombeza.

Nilikaa hapo, nikapigiwa makofi. Mwenyekiti akaruhusu maswali. Mawili ya kwanza yalihusu kodi, nikayapeleka kwa wanaojua. La tatu liliulizwa na dada mmoja aliyekuwa amesimama nyuma na mtoto mgongoni. Alisema, "Kaka, umegusia Ijumaa na mama wa mayai, halafu hujamalizia."

Ni kweli, nilikuwa nimemkwepa.

Alikuwa anatoka Uyole. Alileta trei za mayai kila Jumanne kwa miaka saba, amezifunga kwa kamba ya katani nyuma ya bajaji, na mimi ndiye niliyekuwa nasaini karatasi yake. Mwaka wa mwisho bosi alituambia wasambazaji wadogo waambiwe waje Ijumaa. Ijumaa wanaambiwa Ijumaa nyingine. Alikuja Ijumaa tisa. Hakuwahi kunipigia kelele. Alikuwa ananiuliza, "Mwanangu, leo?" Na mimi namjibu, "Mama, Ijumaa ijayo." Mzigo aliendelea kuleta kwa sababu aliogopa akiacha, la nyuma halitalipwa. Ijumaa ya kumi akakuta mnyororo.

Dada akauliza, "Alilipwa?"

Hapana. Benki ilikuwa na dhamana, ikachukua kwanza. Sisi wafanyakazi tukapata kiasi fulani. Kwa watu wa mayai hakikufika kitu. Alikuwa anadai trei 112, nazijua kwa sababu saini zote ni zangu.

Siku hizi anauza pembeni ya barabara, Uyole palepale. Mimi hununua kwake trei moja kila Ijumaa. Tunaamkiana vizuri, ananiuliza habari za watoto. Ila anapokea hela kwanza, anazihesabu, anazifunga kwenye kona ya khanga, ndipo anashusha trei.